Afande Aliyesomea Usalama

Mimi hakuna jambo linaloweza kunishangaza. Niliacha shule darasa la nne, si kwa ujinga bali kwa kukosa kaptula nzima, nikaanza kubeba chumvi ya Katwe kwa baiskeli mpaka Bwera, na leo nina stoo mbili za kahawa na moja ya kakao, lori, na nyumba ya vyumba kumi vya kupangisha karibu na mpaka wa Mpondwe. Nimeona waasi wakishuka mlimani saa watu wanakwenda kanisani. Nimeona mto ukipita na kitanda cha mtu, chandarua bado kimefungwa. Nimeona homa ikifunga mpaka, bibi harusi akabaki upande wa Kongo na bwana harusi upande wetu, wakapungiana mikono kama watu wanaoagana na ndege. Basi mpangaji wangu wa chumba namba nne, mwanajeshi mstaafu mwenye mvi hadi kwenye nyusi, aliponiambia ameandikishwa chuo kikuu kusomea usalama wa kimataifa, sikushangaa. Nilikasirika.

Usalama unasomewa? Bwera hii? Hapa mtoto wa miaka mitano akisikia mbwa anabweka anajua kama ni mwizi au ni shemeji. Tena mimi ndiye nilikuwa katibu wa ulinzi wa kamati ya kijiji, mwaka wa tisa, bila kupingwa. Kama kulikuwa na profesa wa usalama kutoka Nyakiyumbu hadi sokoni, ni mimi, na sikumlipa mtu ada.

"Afande," nilimwambia, "hiyo pensheni nunua mbuzi."

"Mbuzi nimelinda," akasema. "Na daraja. Na mlingoti ya simu. Na nyumba ya mukubwa moja, pamoja na mbwa yake. Miaka yote naambiwa: linda hapa. Hakuna mutu alisema nalinda kutoka kwa nini. Nataka kujua mbele ya kufa."

Hilo ndilo alilolitaka, na tangu siku hiyo sikumsikia akitaka kingine. Digrii moja, joho moja, na jibu.

Tulimwita Afande. Jina lake lilikuwepo kwenye kitabu changu cha kodi, lakini hakuna aliyelitumia, hata mimi niliyeliandika. Alikotoka sitasimulia. Mwanajeshi hupewa kwao kupya kila anapohamishwa, na yeye alihamishwa mpaka akaishiwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi kama amri, na hata akikuombea heri ulihisi unatakiwa kusimama wima.

Kwa mfano kufagia. Uwanja wa nyumba yangu aliugawa kwa miraba, kila mpangaji mraba wake, na kila asubuhi alifagia miraba yote kumi, kisha akasimama mlangoni kukagua kazi yake mwenyewe. Wanawake wa mle ndani walimtukana wiki mbili. Wiki ya tatu wakaanza kufagia kabla yake, kwa aibu. Watoto nao aliwafundisha salamu. Akipita anauliza, "Ripoti?" wao wanajibu kwa sauti moja, "Hakuna tukio, afande!" Kama kuku wa mtu alikuwa amekufa, walikuwa wanaripoti hilo pia, na yeye anaandika.

Chai alikunywa bila sukari. Alisema sukari ndiyo ya kwanza kuisha vitani, heri kuizoea njaa yake mapema. Redio alisikiliza habari zilezile kwa lugha tatu halafu akagombana na zote tatu. Dama alicheza kwa wizi. Ukigeuka kuitikia salamu, kete yako imehama. Ukimuuliza anasema, "Wewe uliacha mpaka bila mulinzi." Na huyu mtu ambaye sijui alipita kwenye moto gani, akiona chura chumbani alikuwa anatoka mbio mpaka uwanjani, anaita mke wa jirani: "Mama! Mama wa namba tano! Kuja na fagio!" Anasimama nje mpaka yule chura atolewe, akaguliwe, apelekwe mbali. Nilimcheka sana. Alinijibu kwamba vitabu vyote vimekubaliana juu ya jambo moja: hofu haifuati ukubwa wa kitu.

Masomo yalikuwa Kasese, Jumamosi na Jumapili. Alikuwa anaondoka na gari la kwanza, suruali imepigwa pasi mpaka inakata upepo, vitini vya masomo amevifunga kwa nailoni ya sukari ili visilowe. Darasani wenziwe walikuwa rika la wajukuu wake. Mwalimu akiingia, Afande alisimama peke yake, visigino pamoja. Siku moja mwalimu mmoja, kijana mwenye suruali ya kubana kama soksi, akamwambia, "Muzee, kaa chini, hapa si kambini." Darasa likacheka. Nilipopewa habari hiyo damu ilinichemka, mimi ambaye sikuwa hata upande wake. Nikamwambia asisimame tena, wasimchezee. Akanitazama.

"Yule kijana anajua kitu mimi sijui," akasema. "Kwa nini nisisimame?"

Sasa niseme alichosoma, maana watu hudhani nilimpuuza kwa kutoelewa. Nilielewa. Mtu anayeweza kupima kakao kwa kunusa hawezi kushindwa na nadharia.

Nadharia ya kwanza alinieleza kupitia ukuta wangu. Jirani yangu, mnunuzi wa kakao kama mimi lakini mdogo kwangu, alipandisha ukuta wake tofali tano. Nikajiuliza, anaficha nini? Nikapandisha wangu tofali saba. Yeye akaweka vigae vya chupa juu. Mimi nikaweka seng'enge. Akanunua mbwa. Nikanunua wawili. Akaweka taa inayomulika mpaka kitandani kwangu. Mwisho wake upepo haukuingia kwangu wala kwake, kahawa ikaanza kunuka ukungu, na mbwa wangu mmoja akamuuma mteja wangu mwenyewe, mama aliyeniletea magunia sita. Afande alikaa pale mlangoni kwake akicheka mpaka machozi.

"Bosi, wewe umesoma semesta mzima bila kulipa!" akasema. "Nchi kubwa wanafanya hivi na ndege. Kila moja anasema: mimi najilinda tu. Na mwenzake anasikia: huyu anakuja."

"Sasa nifanye nini? Nibomoe?"

"Enda kwake na chai."

Sikwenda. Yule naye hakuja. Ukuta bado upo.

Nadharia nyingine ilikuwa juu ya kubadilika kwa vitisho. Zamani, alisema, vitabu vilihesabu askari na vifaru, na kilicholindwa ni serikali. Halafu wakaja waandishi wengine wakauliza: serikali salama na mama mwenye njaa, huo ni usalama wa nani? Swali hilo alilipenda kupita kiasi. Alimuuliza polisi wa barabarani. Alimuuliza mchungaji katikati ya harambee ya geti la kanisa. Akatuandikia kamati orodha ya vitu vinavyokuja bila bunduki: maji, homa, mbegu bandia, ujumbe wa simu unaosema umeshinda zawadi. Nilimuuliza mbele za watu kama alitaka tuukamate mto tuufunge pingu. Watu wakacheka, na mimi nikafurahi kwamba wamecheka.

Mvua ilipozidi huko juu na maji kushuka Kasese, yalipita kwenye stoo ya rafiki yangu yakaacha ukuta mmoja umesimama. Afande hakusema neno. Alinipita tu na ufagio wake. Hiyo ndiyo tabia yake iliyonichoma zaidi. Mtu mwenye haki apige kelele, nawe upate pa kujibia.

Na kulikuwa na nadharia ya tatu, ambayo aliisema jioni moja tukila kwangu bundu, ule ugali wa muhogo, na sombe ya majani yake, akiulalamikia mkono wa mke wangu kwamba bundu ni laini mno. Alisema kuna waandishi wanaodai kwamba kitu hakiwi hatari chenyewe. "Kinakuwa hatari siku mukubwa anasimama na kusema hii ni hatari. Mbele ya hapo iko kitu tu." Nilimwambia hayo ni maneno ya watu walioshiba. Kumbe nilikuwa naelezwa mimi.

Sasa nifike kwenye mto.

Chini ya soko, mahali ambapo mto Lhubiriha umetanuka na kina kinafika magotini, watu wetu wamevuka tangu kabla mpaka haujaitwa mpaka. Huku Mkonzo, kule Mnande, lugha ni ileile, shangazi ni yuleyule. Kwenye geti kuna foleni na kuna maswali. Kwenye maji kuna baridi tu. Siku za soko, Jumanne na Ijumaa, akina mama wanavuka pale na maharage, vitenge, mafuta ya mawese. Anayetoka majini hukaa kwenye mawe aoshe miguu, na wakati anaosha, wale mama wauzao sombe na samaki wa moshi pale ukingoni humuuliza: unatoka kwa nani, unaenda kwa nani? Hayo si mahojiano, ni salamu. Lakini asiye na jibu, habari zake zinafika sokoni kabla miguu yake haijakauka.

Afande aliona utafiti wake pale. Msimamizi wake chuoni alitaka aandike juu ya nchi kubwa na mabomu, akakataa. Akachukua madaftari, akakaa kwenye mawe kila siku ya soko, kiangazi na masika, akihesabu: wangapi wamevuka, wamebeba nini, nani amesalimiwa, nani hakusalimiwa, na habari ya asiyesalimiwa ilifika wapi na kwa muda gani. Alichora ramani. Alijaza madaftari matatu, na la nne akalifikisha katikati. Alikuwa anataka kuthibitisha kwamba ulinzi wa mpaka ule haukuwa kwenye geti wala kwenye kamati, ulikuwa kwenye miguu inayooshwa.

Wakati uleule, mimi nilikuwa nimepitisha uamuzi wa kufunga kivuko. Kulikuwa na uvumi kwamba watu wabaya watapita. Nikapata seng'enge, nikapata vijana wa doria, nikaitisha mkutano ili watu wapongeze. Afande akanyanyua mkono.

"Ukifunga hapa, watavuka juu, kwenye mawe makubwa," akasema. "Kule hakuna mama anauza sombe. Hakuna mutu atauliza mutu. Bosi, hutafunga adui. Utafunga macho yako."

"Wewe ni mpangaji," nikamwambia. "Kamati ina wenyewe."

Hapo akasimama mama mmoja muuza sombe, mwanamke mwenye sauti ya kuita lori. "Muzee anasema kweli!" akapiga kelele. "Yeye iko anakaa na sisi kwa mawe, jua inamuchoma. Bosi yeye anaona mto kwa dirisha ya gari!"

Wakapiga makofi. Sikupigiwa mimi. Mimi niliyewanunulia turubai la mikutano, niliyelipa mafuta ya doria miaka tisa. Walicheka, wakapiga makofi, na mmoja akaongeza kwamba hata gari lenyewe vioo vyake vyeusi, naona nini?

Siku ya pili nilichukua simu nikapiga ofisi moja ya mjini. Nikasema kuna mtu anakaa mpakani anahesabu wanaovuka, ana ramani, ana madaftari manne, na amepinga kivuko kufungwa. Uongo haukuwemo hata nukta. Huku kwetu tangu enzi za vita, mtu anayeandika kwenye karatasi karibu na mto ni mmoja kati ya wawili: mtoza ushuru au jasusi. Nilijua watasikia kipi. Nilitaka tu wamtishe kidogo, waseme mzee tulia. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Walikuja saa sita mchana, watatu, na pikapu. Watoto walikuwa uwanjani. Afande alipotolewa chumbani mtoto mmoja, mdogo asiyejua, alipiga saluti na kusema, "Hakuna tukio, afande!" Madaftari yakawekwa kwenye mfuko wa saruji. Yeye akapanda nyuma bila kusaidiwa.

Walikaa naye siku mbili. Mwanajeshi mstaafu, mwenye barua ya chuo, mwenye kitambulisho, siku mbili! Wanaoiba dawa za hospitali wanalala kwao. Alirudi kwa miguu kutoka steji ya magari, mshipi na kamba za viatu ameshika mkononi. Akaingia chumbani. Kesho yake asubuhi alifagia miraba yote kumi. Hakuniuliza kitu. Nilimpelekea kilo mbili za sukari. Nilisahau kwamba hatumii. Aliniletea zikiwa bado zimefungwa, akanishukuru kwa lugha mbili, "Asante, bosi. Wasingya."

Madaftari yakabaki ofisini. Aliandika barua, hakujibiwa. Chuo nacho, badala ya kumtetea mwanafunzi wao, kikamwambia bila takwimu hakuna tasnifu, na bila tasnifu hakuna joho. Aanze upya au aache. Yule kijana wa suruali ya kubana alimshauri achukue mada nyepesi, anakili kwenye kompyuta kama wenzake. Kama wenzake! Mtu anakaa juani misimu miwili anaitwa mkaidi, na aliyenakili anaitwa mhitimu. Halafu walewale huja Bwera na magari meupe kutufundisha juu ya vitisho vipya, soda na nauli, na kwenye ukuta wanaonyesha kwa picha maneno ambayo Afande alitupa bure, nasi tukamcheka.

Mwisho wa mwezi alifagia, akanikabidhi ufunguo, akaenda Hamukungu, kwa binti yake anayekausha samaki kando ya Ziwa George. Seng'enge yangu ilibaki mtoni. Watu wakavuka juu, kwenye mawe makubwa, kama alivyosema. Masika hayohayo maji yalimchukua mama mmoja muuza mafuta ya mawese, mwenye watoto wanne, akipita mahali asipopajua kwa sababu mahali anapopajua nilipafunga mimi. Tulimzika upande wa pili. Nilichanga ng'ombe. Hakuna aliyenilaumu kwa maneno. Siku ya nne nilishuka mwenyewe na koleo nikaikata ile seng'enge, nikajiuzulu kamati, na siku ya tano nikaenda kudai madaftari.

Huko mjini nilijifunza mimi ni nani. Bosi wa Bwera alikalishwa kwenye benchi pamoja na wezi wa kuku. Kesho, wakasema. Kesho yake, mkubwa yuko semina. Wiki ya tatu wakanitajia kwamba faili halionekani. Nilipiga meza. Nikataja majina ya watu ninaowajua, wote wakubwa, na karani akanisikiliza kwa adabu huku akiandika wageni kwenye daftari la mlangoni. Nikalitazama lile daftari. Mwandiko wa kurasa za mbele niliujua: mistari imenyooka kama gwaride, Jumanne, Ijumaa, maharage, amesalimiwa, hakusalimiwa. Mistari hiyo ilipokomea, katikati ya daftari, wao waliendelea chini yake na majina ya wageni na saa ya kuingia. Hata mimi niliandikwa mle, mara saba.

Nilipaza sauti mpaka mkubwa akatoka. Akaagiza faili, na faili likaonekana mara moja, kumbe lilikuwa kabatini. Akalifungua.

"Hii si kesi," akasema. "Ni taarifa tu. Mtoa taarifa akiiondoa, vitu vinarudishwa." Akafuata mstari kwa kidole. "Mtoa taarifa..." Akaninyanyulia macho. "Ni wewe, mzee."

Saini moja. Miezi yote ile ilikuwa inahitaji saini moja, yangu, na hakuna mtu hata mmoja aliyejisumbua kusema, maana hakuna aliyejisumbua kusoma. Nikasaini. Wakanipa madaftari mawili mazima na lile la wageni. Moja halikupatikana. Askari mmoja alisema labda lilifungia karanga.

Hamukungu nilikwenda na gari mpaka barabara ilipokataa, halafu nikatembea. Mahali pale ni samaki, moshi, na nyayo za viboko mpaka karibu na milango. Nilimkuta ameketi kwenye kibao mbele ya vichanja vya binti yake, mguu mmoja ameunyoosha, umevimba, mweupe kwa vumbi. Macho yalikuwa yameingia ukungu. Alinitambua kwa mwendo.

"Bosi. Umenenepa."

"Afande, shikamoo."

Nikamwekea madaftari mapajani. Aliyapapasa moja moja, akafungua, akayasogeza karibu na pua. Alipofika kwenye majina ya wageni akacheka, na huo mcheko sikuupenda.

"Tatu," akasema.

"Afande, kuna jambo nataka kukuambia. Yule aliyepiga simu..."

"Najua. Siku ya kwanza tu, afande aliyenihoji alisoma karatasi kwa sauti. Jina yako iko juu kabisa."

"Na ukarudi kwangu? Ukafagia?"

"Kodi nilikuwa nimelipa mpaka mwisho ya mwezi." Akafunga daftari. "Nilingoja useme. Kila asubuhi. Ulileta sukari."

Binti yake aliacha samaki akasimama anatutazama, kisu mkononi. Mimi nimekutana na waasi. Sikuwahi kutafuta pa kuweka macho kama siku ile.

Nikaanza kusema ninachojua kusema. Kwamba nitalipa ada yote. Kwamba nitampeleka kwa daktari wa macho, nitamtafutia mwanasheria, nitampa chumba namba nne bure mpaka afe. Aliniacha nikamaliza.

"Ada nimelipa," akasema. "Chuo imeandika barua. Nikileta takwimu mbele ya semesta kuisha, wananisikiliza. Baada ya hapo, hapana. Inakosekana daftari moja. Siku nane za soko, kiangazi. Kiangazi ni sasa. Mguu hii haifiki mtoni, na macho hii haioni ng'ambo."

"Nitakulipia kijana msomi. Wawili."

"Kijana ya kulipwa atakaa kivulini, atabuni namba. Tena hajui nani ni shangazi ya nani. Wewe unajua kila mama ya pale na kwao. Utahesabu wewe."

"Mimi? Wa darasa la nne?"

"Kwa kuhesabu ulifika wapi?"

"Kuhesabu hakuna anayenishinda kutoka hapa mpaka Beni."

"Basi. Utakaa chini, kwa mawe, karibu na yule mama ya sombe. Si ndani ya gari. Kutoka asubuhi mpaka soko inafungwa."

Nikamwambia ukweli, kwamba watu wangenicheka. Na zaidi ya kucheka: mtu mzima na daftari mpakani, wangesema nimekuwa jasusi.

"Watapiga simu," Afande akasema. "Namba si unajua?"

Kisha akanifundisha, pale pale, kwa saa nzima, kama anavyofundishwa kuruta. Safu ya kwanza, saa. Ya pili, amebeba nini. Ya tatu, amesalimiwa na nani. Nikikosea ananirudisha mwanzo. "Hapana! Rudia!" Binti yake alirudi kwenye samaki wake, nikamsikia anacheka kwa pua. Nilikasirika njia nzima kurudi: kwa chuo, kwa ile ofisi, kwa karanga za yule askari, kwa huyu mzee aliyekataa pesa zangu kama vile zina uvundo. Pesa zangu zimejenga kanisa!

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Nilitoka bila gari. Stoo zangu zina kahawa, kakao, magunia, mizani, kamba, dawa za panya. Daftari halimo hata moja. Nikaingia kwenye kiduka kinachotazamana na geti langu, ambako sijawahi kununua kitu tangu kifunguliwe. Mwenye duka alikuwa mama mmoja Mkongo, akanipangusia kaunta nilipoomba daftari.

"Bosi! Leo umetembea! Daftari iko ya mutoto gani?"

"Ni yangu," nikasema.

Akanitazama kuona kama namtania, akaona sitanii, akaniletea lenye jalada gumu ili lisilowe na maji, na kalamu ya bluu. Sikuomba punguzo. Shilingi elfu mbili na mia saba.